Rangi Nyeusi na Vumbi Jekundu: Chagua Kinga Inayodumu

Ndugu msomaji, ukipita kijiweni Omurushaka au Nkwenda wakati wa kiangazi, zitazame pikipiki zilizopangwa pale. Nyingine ni nyekundu, nyingine bluu, na nyeusi hazikosi. Ile nyekundu inalificha vumbi letu. Ile nyeusi hailifichi hata kidogo. Asubuhi inang'aa, saa nne imekuwa kama imepakwa unga wa matofali.

Tuchukue mfano wa vijana wawili. Wote walinunua pikipiki nyeusi mwezi mmoja, za aina moja. Wa kwanza aliipenda sana pikipiki yake. Kila asubuhi aliifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, akaisugua mpaka ikang'aa. Wa pili hakuifuta kavu hata siku moja. Aliimwagia maji kwanza, akaiosha taratibu, na mara chache kwa mwaka aliipaka dawa ya kulinda rangi.

Baada ya miaka miwili wote walitaka kuuza. Mnunuzi akaja. Akapitisha kiganja juu ya tangi la kwanza. Lilikuwa limepauka, limejaa mikwaruzo myembamba ya mviringo kama utando wa buibui. Tangi la pili lilikuwa bado jeusi. Injini zote mbili zilikuwa nzima, lakini bei aliyotoa haikuwa moja. Kijana wa kwanza akalalamika: "Kaka, mbona mimi nilikuwa nafuta kila siku?" Mnunuzi akamjibu: "Ndugu yangu, mimi naangalia ninachokiona. Kama kinachoonekana kimeharibika, nitajuaje hali ya kisichoonekana?"

Kumbe kule kufuta kwa upendo ndiko kulikoharibu rangi. Basi leo tuzungumze habari ya kulinda rangi nyeusi: kwa nini huharibika, ni kinga ipi inadumu, na tufanye nini ili fedha yetu isipotee.

KWA NINI NYEUSI HUONYESHA KILA KITU

Kumbuka ubao wa darasani. Ukichora mstari wa chaki juu ya ubao mweusi, hata aliyekaa nyuma anauona. Ukichora mstari ule ule juu ya ukuta mweupe, hauonekani. Mkwaruzo kwenye rangi ya gari ni kama mstari wa chaki. Kingo zake hurudisha mwanga. Juu ya gari jeupe mwanga huo unapotea katika weupe. Juu ya gari jeusi unaonekana wote.

Jambo la pili ni joto. Rangi nyeusi hunywa mwanga wa jua na kuugeuza kuwa joto. Weka kiganja juu ya boneti ya gari jeusi saa saba mchana, kisha juu ya gari jeupe lililosimama karibu yake. Utaiona tofauti mwenyewe. Joto hilo huikausha rangi, na huipa nguvu kila takataka inayoangukia juu yake.

RANGI INA NGOZI NYEMBAMBA

Wengi wetu tunadhani rangi ya gari ni kitu kimoja. Siyo hivyo. Rangi ya kiwandani imepakwa kwa tabaka. Chini kabisa ni bati. Juu yake ni rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Kisha inafuata rangi yenyewe, yaani ile nyeusi. Juu kabisa, katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 na kuendelea, kuna tabaka lisilo na rangi, linalong'aa kama kioo. Mafundi rangi huliita klia.

Klia ndiyo ngozi ya gari. Unene wake kwa kawaida ni kati ya mikroni 40 na 50. Mikroni moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 1,000. Unywele wa mtu una kama mikroni 70. Maana yake ngozi yote inayolinda rangi ya gari lako ni nyembamba kuliko unywele mmoja wa kichwani mwako. Ikisuguliwa ikaisha, hairudi. Dawa yake ni kupaka rangi upya, na hiyo ni gharama kubwa.

MAADUI WA RANGI HUKU KWETU

Adui wa kwanza ni vumbi. Barabara ya lami kutoka Kyaka imefika Karagwe, lakini njia nyingi za kwenda vijijini, Karagwe na Kyerwa, bado ni za udongo. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu una kutu ya chuma ndani yake. Pamoja na kutu hiyo kuna chembe za mchanga. Mchanga ni mgumu kuliko chuma cha kawaida, sembuse klia. Ukifuta vumbi kavu kwa kitambaa, umepiga gari msasa.

Adui wa pili ni jua. Sisi tupo karibu na ikweta, tena tupo juu. Sehemu kubwa ya nchi yetu hii iko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Katika mwanga wa jua kuna miale isiyoonekana kwa macho, inayoitwa miale ya urujuanimno. Kila ukipanda mita 1,000, miale hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10. Hata siku ambayo hewa ni ya baridi, miale ipo. Ndiyo inayopausha rangi na kuifanya klia ibanduke kama ngozi ya nyoka.

Adui wa tatu ni utomvu wa mgomba. Pikapu ikibeba ndizi, utomvu hudondoka pembeni. Ukiwa mbichi unafutika kwa maji. Ukikauka unakuwa doa jeusi au la kahawia lisilotoka. Juu ya gari jeusi doa hilo huonekana kama kiraka kilichofifia.

Adui wa nne ni mavi ya ndege. Yana asidi. Yakikaa juu ya boneti nyeusi yenye joto, asidi huichimba klia na kuacha alama ya kudumu. Yakiloweshwa na kuondolewa mapema, hayana madhara makubwa.

Adui wa tano ni sisi wenyewe. Tunaosha gari kwa sabuni ya unga ya kufulia. Sabuni hiyo ni kali, huondoa mafuta na nta yote. Tunafuta kwa shati kuukuu lenye vifungo. Wengine hupaka dizeli au oili chafu ili gari ling'ae. Linang'aa kweli, kwa saa moja. Kisha vumbi lote la barabarani hunasa pale, na mipira ya milangoni huanza kuharibika. Wengine husugua mikwaruzo kwa dawa ya meno. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia. Inakula klia.

POLISHI NA KINGA SIYO KITU KIMOJA

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Dukani kila mkebe unaitwa polishi. Lakini ndani ya mikebe hiyo kuna vitu viwili vyenye kazi tofauti kabisa.

Kitu cha kwanza huondoa. Hicho ndicho polishi ya kweli, na ndugu yake mkali ambaye mafundi humwita rabingi. Kina chembe ndogo za kusugulia. Hupunguza klia kidogo ili mikwaruzo isawazike. Ni kama randa ya seremala: inalainisha ubao kwa kuukata. Ukitumia kila wiki, ubao unaisha.

Kitu cha pili huongeza. Hicho ndicho kinga. Huweka utando mwembamba juu ya klia, ili vumbi, maji na utomvu vishike utando badala ya kushika rangi. Kinga haiondoi mkwaruzo uliokwisha kuwapo.

Kwa hiyo mtu akikuuliza, "Dawa ipi inang'arisha na kulinda?", mjibu kwamba ni kazi mbili. Kwanza safisha na, ikibidi, sawazisha. Kisha linda.

Sisi tuliojifunza kusoma tunayo silaha hapa. Soma mkebe. Maneno mengi ya pale ni ya Kiingereza, lakini manne yanatosha. Ukiona "polish" au "compound", hicho huondoa. Ukiona "wax" au "sealant", hicho huongeza. Kama yapo maneno ya namna zote mbili katika mkebe mmoja, basi ni mchanganyiko, na mara nyingi hudumu muda mfupi zaidi kuliko kinga iliyo peke yake.

AINA TATU ZA KINGA

Tazama jani la mgomba mvua inaponyesha. Maji hayakai juu yake, yanakusanyika kuwa matone na kuteremka. Jani la magimbi ndilo hodari zaidi. Majani hayo yana nta juu yake. Watu wa kale hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Kinga ya gari inaiga kazi ya jani.

Kinga ya kwanza ni nta ya asili. Iliyo maarufu ni nta ya kanauba. Inatokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Ni ngumu kuliko nta ya nyuki. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 65 hivi, lakini kanauba huyeyuka zikifika nyuzi 80 na kitu. Ndiyo sababu nta yetu ya mizinga, ingawa ni nzuri kwa mishumaa na kwa viti vya mbao, haifai juu ya boneti nyeusi. Hulainika kwa jua na kunasa vumbi. Kanauba hulipa gari jeusi mng'ao wa kina unaopendeza sana. Ubaya wake ni kwamba haidumu. Kwa kawaida hukaa wiki chache, pengine miezi miwili. Kwa vumbi na jua letu, ihesabie mwezi mmoja.

Kinga ya pili ni ya kutengenezwa kiwandani, ya jamii ya polima. Polima ni vitu kama plastiki, ambavyo chembe zake zimeshikana kama mnyororo. Kinga hii hushika klia vizuri zaidi kuliko nta, na huvumilia joto na sabuni kwa muda mrefu zaidi. Kwa kawaida hudumu miezi minne hadi sita. Mng'ao wake ni kama wa kioo. Mtu yeyote mwenye subira anaweza kuipaka mwenyewe nyumbani.

Kinga ya tatu ni ile inayoitwa seramiki. Asili yake ni silika, kitu kile kile kinachotengeneza kioo. Ikipakwa ipasavyo, hushikana na klia na kuwa ngumu. Inaweza kudumu miaka miwili na zaidi. Lakini ina masharti. Rangi lazima isafishwe na kusawazishwa kabisa kwanza, maana ukiipaka juu ya mikwaruzo umeifungia mikwaruzo ndani. Lazima ipakwe mahali pasipo vumbi, chini ya paa, na mtu anayejua kazi. Ukichelewa kuifuta, inakauka ikiwa na mabaka, na kuyaondoa ni kuipiga polishi upya. Tena seramiki haizuii jiwe la barabarani lisikwangue rangi. Utando wake ni mwembamba sana, mikroni moja au mbili tu.

Zipo pia chupa za kupuliza zilizoandikwa seramiki. Nyingi zina silika kidogo tu ndani yake. Siyo mbaya, lakini zihesabie wiki au miezi, usizihesabie miaka. Mwuzaji akikuambia, "Chukua hii mzee, unapuliza tu, miaka mitano hugusi," muulize: je, maelezo ya chupa yanasema hivyo? Msome naye pamoja.

TUPIGE HESABU

Tuseme una pikipiki. Bei hizi ni za mfano tu wa hesabu, wewe weka bei za duka lako.

Mkebe wa nta ya asili ni shilingi 12,000. Unatosha kupaka mara 6. Kila mpako unadumu mwezi 1. Basi mkebe unakulinda miezi 6. Gawanya 12,000 kwa 6, unapata shilingi 2,000 kwa mwezi.

Mkebe wa kinga ya polima ni shilingi 36,000. Nao unatosha kupaka mara 6. Kila mpako unadumu miezi 4. Basi mkebe unakulinda miezi 24. Gawanya 36,000 kwa 24, unapata shilingi 1,500 kwa mwezi.

Seramiki pamoja na ufundi ni shilingi 300,000, na tuseme inadumu miezi 24. Gawanya, unapata shilingi 12,500 kwa mwezi.

Unaona? Mkebe wenye bei ndogo dukani siyo wenye gharama ndogo nyumbani. Tena bado hatujahesabu muda. Katika miezi 24, mwenye nta atapaka mara 24. Mwenye polima atapaka mara 6. Kama kila mpako unachukua nusu siku, wa kwanza amepoteza siku 12 za kazi, wa pili siku 3. Kwa kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa mwenye chombo, siku 9 ni fedha nyingi.

Kwa hiyo, kwa pikipiki na pikapu za kazi huku kwetu, kinga ya polima ndiyo inayofaa zaidi. Nta ya asili yamfaa mwenye gari la kutembelea, anayependa kulishughulikia kila mwezi. Seramiki yamfaa mwenye gari lenye rangi nzima au mpya, lenye banda la kulala, na mwenye fundi anayemwamini. Gari linalolala nje na kupita vumbini kila siku bado litahitaji kuoshwa vizuri hata kama lina seramiki. Hakuna kinga inayoosha gari.

KAGUA RANGI KABLA YA KUNUNUA KINGA

Magari mengi tunayotumia yalitumika kwanza Japani. Mengine yamepakwa rangi tena baada ya kufika. Kwa hiyo kagua mambo matatu.

Kwanza, je, klia ipo? Weka polishi kidogo juu ya kitambaa cheupe, sugua taratibu sehemu iliyofichika. Kitambaa kikitoka cheusi, gari lako halina klia, au klia imekwisha. Lipigwe polishi kwa nadra sana, maana kila ukisugua unaondoa rangi yenyewe.

Pili, je, rangi ni mpya kutoka gereji? Rangi ya gereji hukauka kwa hewa. Juu huonekana imekauka, lakini ndani bado inapumua. Muulize fundi. Kwa kawaida yafaa kusubiri wiki nne hadi nane kabla ya kuipaka kinga.

Tatu, je, ni nyeusi ya kung'aa au nyeusi isiyong'aa? Pikipiki nyingi zina sehemu nyeusi zilizofifishwa makusudi. Ukizipiga polishi zinakuwa na mabaka ya kung'aa yasiyoondoka. Na plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, kama madigadi mengine, ikiguswa na nta hubaki na alama nyeupe.

NAMNA YA KUPAKA

Fanya kazi hii jioni au asubuhi, kivulini, bati likiwa limepoa. Ukiliweka kiganja na kuona joto, ngoja kwanza.

1. Mwaga maji mengi bila kugusa. Acha vumbi literemke lenyewe. Hatua hii ndiyo inayookoa rangi kuliko zote.

2. Tayarisha ndoo mbili. Moja ina maji ya shampuu ya gari. Nyingine ina maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Kila ukiosha sehemu moja, suuza kitambaa kwenye maji matupu, ndipo ukirudishe kwenye shampuu. Ukitumia ndoo moja unarudisha mchanga juu ya gari.

3. Anza juu, malizia chini. Magurudumu yawe na kitambaa chake.

4. Suuza, kisha kausha kwa kitambaa laini kisicho na vifungo wala zipu. Kigandamize, usisugue.

5. Pima usafi. Vaa mkononi karatasi laini ya nailoni, kama ile inayofungashia mkate, upapase rangi. Ukisikia chembe kama mchanga, bado kuna uchafu ulionasa. Osha tena.

6. Chukua kinga kidogo kwa sponji laini. Paka nyembamba. Watu wanadhani ukipaka nene inadumu zaidi. La. Inayoshika ni ile iliyogusana na rangi. Iliyobaki utaifuta tu.

7. Ngoja muda ulioandikwa kwenye mkebe. Futa kwa kitambaa safi, kisha geuza upande mkavu ufute tena.

8. Kiweke chombo ndani mpaka kesho. Kinga nyingi za polima huhitaji saa nyingi bila maji ili zikamate vizuri. Umande wa alfajiri nao ni maji.

Wakati mzuri ni mara tatu kwa mwaka: mwanzoni mwa Juni mvua za masika zinapokwisha, mwishoni mwa Septemba kabla ya matope ya vuli, na tena Januari.

ONYO: USIPAKE HAPA

Kinga huteleza. Usiiguse kabisa kwenye breki, wala diski ya breki, wala uso wa tairi unaokanyaga barabara. Ikidondoka hapo, breki haitashika na tairi litateleza. Kwa pikipiki usipake kiti wala pa kuweka miguu. Abiria wako, pengine mama mwenye mtoto mgongoni, atateleza mteremkoni. Rangi inayong'aa haina thamani ya uhai wa mtu.

UTAJUAJE KAMA KINGA BADO IPO?

Mwagia maji safi juu ya rangi iliyooshwa. Maji yakisimama kama matone juu ya jani la magimbi, kinga ipo. Yakitandaa na kukaa kama kwenye sahani, kinga imekwisha. Kwenye pikipiki angalia hasa pembeni mwa tangi, pale panaposuguliwa na magoti. Kinga huisha pale kwanza. Kama unafunga mzigo, gunia la kahawa au dumu la maziwa, weka kitambaa safi chini ya mpira wa kufungia. Na kama umelivalisha tangi kifuniko, kivue mara kwa mara uoshe chini yake, maana mchanga ukiingia pale husaga rangi bila wewe kuona.

MAJI YA KUOSHEA

Jambo la mwisho. Usipeleke chombo mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa dhidi ya shughuli zinazoharibu. Sabuni na oili ukiviacha Murongo, Mto Kagera unavipeleka mpaka Ziwa Viktoria, na njiani wapo watu wanaochota maji. Chota ndoo zako, oshea mahali ambapo maji machafu yanazama ardhini mbali na kisima. Pikipiki moja haihitaji maji mengi kama utafuata hatua tulizozitaja.

Ndugu msomaji, chombo cha usafiri ni mali. Wengine wamekinunua kwa mkopo, wengine kwa kahawa ya msimu mzima. Siku ya kukiuza, mnunuzi atapitisha kiganja chake juu ya rangi kama yule wa mfano wetu. Kinga bora ya rangi nyeusi siyo ile ya bei kubwa kuliko zote. Ni ile unayoweza kuipaka sawasawa, kuilipia bila kukopa, na kuirudia kwa wakati wake. Na kabla ya kinga yoyote, maji kwanza, kitambaa baadaye.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini kufuta vumbi kavu huharibu rangi?

2. Taja tofauti kati ya polishi na kinga.

3. Ulizeni bei za mikebe miwili ya kinga katika duka la karibu. Pigeni hesabu: kila mmoja unagharimu shilingi ngapi kwa mwezi?

4. Katika kijiji chenu pikipiki huoshewa wapi? Maji machafu yanakwenda wapi?